Nani alipiga risasi kwanza? George Lucas na filamu aliyokataa kuiacha

Tarehe 3 Machi 1988, mwanaume mmoja mwenye ndevu alikaa mbele ya wabunge wa Marekani mjini Washington. Jina lake George Lucas. Alikuwa na miaka 43, na dunia nzima ilimjua juu ya filamu moja, Star Wars, ile ambayo Wakongo waliosoma Kifaransa waliizoea kwa jina la La Guerre des étoiles. Hakuja kuomba feza. Alikuja kulalamika juu ya watu wanaonunua filamu za zamani na kuzibadilisha.

Shida ya wakati ule ilikuwa rangi. Mwaka 1986 tajiri wa televisheni Ted Turner alinunua ghala kubwa la filamu za kampuni ya MGM, na kompyuta zikaanza kupaka rangi filamu zilizopigwa zamani kwa weusi na weupe. Alisema ni mali yake, na kwa sheria ya Marekani alikuwa na haki. Waongozaji wazee walikasirika. John Huston, aliyeongoza The Maltese Falcon ya mwaka 1941, alipinga jambo hilo waziwazi, kisha akafariki mwaka 1987 bila kuona mwisho wake.

Lucas alitumia maneno makali. Aliwaambia wabunge kwamba mtu anayeharibu ao kugeuza kazi ya sanaa kwa kutafuta faida, ao kwa kuonyesha nguvu zake tu, ni mshenzi. Akatabiri kwamba siku zinakuja ambapo mashine zitaweza kuondoa uso wa mchezaji wa filamu na kuweka uso mwingine wa kijana zaidi, na kubadilisha maneno yanayotoka kinywani mwake. Akaonya kwamba ukanda wa kwanza wa filamu ukipotea, hakuna tena wa kushuhudia filamu ilikuwa namna gani. Faida ya watu wote, alisema, inapita faida ya mwenye mali.

Mwaka uleule Bunge lilipitisha sheria ya kulinda filamu. Mwaka 1989 ikatoka orodha ya kwanza ya filamu 25 ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani ilizitambua kuwa urithi wa taifa. The Maltese Falcon ilikuwa ndani. Star Wars pia ilikuwa ndani.

Miaka 9 kisha hotuba ile, mtu aliyeanza kuondoa picha za zamani na kuweka mpya ndani ya Star Wars alikuwa George Lucas mwenyewe. Tangu siku hiyo mashabiki hawajanyamaza.

Kuna watu wanaosema alikuwa mnafiki tu. Hilo ni jibu la haraka mno. Mtu huyu alikuwa na kidonda cha zamani, na kidonda hicho kinaeleza mambo mengi.

Lucas alizaliwa mwaka 1944 mjini Modesto, California. Baba yake alikuwa na duka la karatasi na vyombo vya ofisi, na alitaka kijana wake arizi duka. Kijana alitaka mbio za magari. Mwezi wa Juni 1962, siku chache mbele ya kumaliza sekondari, gari lake liligongwa, likapinduka, na yeye akarushwa nje. Alipona kwa bahati. Kisha hapo aliacha mbio na akaingia masomo ya sinema katika chuo kikuu cha Kusini mwa California.

Filamu yake ndefu ya kwanza, THX 1138, ilitoka mwaka 1971. Kampuni iliyotoa feza ilimnyang'anya filamu na kukata dakika chache. Ya pili, American Graffiti, ilitoka mwaka 1973. Kampuni nyingine, mambo yaleyale: wakubwa hawakuipenda, wakakata dakika chache. Filamu hiyo iligharimu chini ya dola milioni 1 na ikaingiza zaidi ya milioni 100. Dakika zilizokatwa hazikuwa na maana kubwa kwa hadithi, na watazamaji wengi wasingejua kama zimetoka. Lakini Lucas alisema kwa miaka mingi kwamba ni sawa na mtu kumkata mtoto wake kidole. Filamu iliporudishwa katika sinema mwaka 1978, na yeye akiwa sasa tajiri, alizirudisha dakika zake.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakati wa kuandikiana mkataba wa Star Wars na kampuni ya Fox, Lucas hakusukuma sana juu ya mshahara. Aliomba haki juu ya filamu zitakazofuata na haki juu ya vitu vitakavyouzwa kwa jina la filamu: michezo ya watoto, nguo, picha. Wakubwa wa Fox hawakuona hasara, kwa sababu wakati ule vitu hivyo havikuleta feza nyingi. Noeli ya mwaka 1977, sanamu za watoto zilitakiwa kwa wingi hata kiwanda kikashindwa kuzitengeneza kwa wakati. Wazazi wakauziwa boksi tupu lenye karatasi ya kuahidi kwamba sanamu zitatumwa mwaka ujao. Na walinunua.

Ni feza hizo zilizomfanya Lucas kuwa mtu wa peke yake. Filamu ya pili, The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, aliigharamia mwenyewe kwa mali yake na mkopo wa benki, kusudi hakuna mkubwa yeyote aingie chumbani na mkasi. Alifaulu. Toka siku ile, mtu mmoja tu duniani alikuwa na uwezo wa kugusa Star Wars.

Filamu ya kwanza yenyewe ilizaliwa kwa taabu. Picha za jangwa zilipigwa Tunisia kuanzia mwezi wa Machi 1976, na jina la sayari ya Tatooine linatokana na Tataouine, mji wa kusini mwa nchi hiyo. Mvua kubwa iliangukia jangwa, na maroboti yakakataa kutembea. Kule California, kundi la vijana waliotengeneza picha za vyombo vya anga lilikuwa limekula nusu ya feza zake na karibu hakuna picha iliyofaa. Lucas alifika hospitali akiwa na maumivu ya kifua. Waganga walimwambia ni uchovu na damu kupanda. Filamu ilipoanza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1977, ilikuwa katika sinema zaidi kidogo ya 30 kwa Marekani nzima. Mistari ya watu ikazunguka barabara. Katika mwaka huo ikapita Jaws na kuwa filamu iliyoingiza feza nyingi zaidi nchini Marekani.

Watu waliona maajabu. Lucas aliona makosa. Aliona kiumbe ambaye barakoa yake haikukamilika, mji wa jangwani wenye watu wachache, na tukio zima lililotolewa kwa sababu hakukuwa na feza za kulimaliza. Alirudia kusema kwamba filamu ile ni kipande tu cha ile aliyokuwa nayo kichwani.

Afrika haikutoa jangwa peke yake. Katika filamu ya tatu, Return of the Jedi ya mwaka 1983, kuna rubani mwenye mashavu makubwa anayeitwa Nien Nunb. Sauti yake ilitolewa na mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich, na ndani ya maneno yake kuna Kikuyu safi. Wamarekani walisikia lugha ya sayari ya mbali. Wakenya ndani ya sinema walisikia mtu wa nyumbani, na wakacheka. Rotich aliitwa tena kumpa sauti rubani huyo katika filamu ya mwaka 2015. Katika mabadiliko yote yaliyofuata, sauti hiyo haikuguswa, na ni bahati, kwa sababu sauti nyingine ziliguswa.

Lazima kusema ukweli mmoja ambao mashabiki wakali hawaupendi: hata mwaka 1977 filamu haikuwa moja. Sauti yake ilitengenezwa kwa namna mbalimbali, kulingana na vyombo vya kila sinema, na katika kopi nyingine maneno fulani yalikuwa tofauti. Mwaka 1981, iliporudishwa katika sinema, maneno ya mwanzo yanayopanda juu ya nyota yaliongezewa namba na jina: sehemu ya nne. Karibu hakuna aliyelalamika. Mabadiliko madogo yanapita sawa vile maji chini ya mlango.

Yale ya 1997 hayakuwa madogo.

Filamu ilikuwa inakaribia miaka 20. Mafundi walipofungua ukanda mama, ni kusema ule uliopita ndani ya kamera, ambao kopi zote zinazaliwa kwake, walikuta umeharibika vibaya. Rangi zilikuwa zimefifia na uchafu umejaa. Kazi ya kuuosha na kuutengeneza ilikuwa ya lazima, na kwa hiyo Lucas anastahili shukrani. Lakini hakuishia kuosha. Picha mpya zilizotengenezwa kwa kompyuta ziliingizwa, na pale zilipoingia, vipande vya zamani vilitolewa ndani ya ukanda mama wenyewe. Hiyo ndiyo sehemu ya habari ambayo watu wengi hawaifahamu. Filamu mpya haikuwekwa kando ya ile ya zamani. Iliwekwa mahali pake.

Tarehe 31 Januari 1997 ikaingia sinema. Wikendi ya kwanza peke yake iliingiza karibu dola milioni 36, na kwa jumla milioni 138 nchini Marekani. Familia zilijaa, wazazi wakileta watoto waone kile walichokiona wao. Na ndani ya sinema hizo, pamoja na furaha, ikasikika minong'ono. Kuna kitu hakiko sawa.

Tukio lenyewe ni la sekunde chache. Han Solo, mfanya magendo mwenye madeni, ameketi ndani ya baa. Mbele yake ameketi Greedo, kiumbe wa rangi ya kijani aliyetumwa kumkamata, bastola mkononi. Wanaongea. Han anatoa bastola yake polepole chini ya meza. Katika filamu ya 1977, mlipuko mmoja unasikika, moshi unajaa, Greedo anaanguka juu ya meza. Han anamtupia mwenye baa kikuta cha kulipia uchafu na anatoka. Hivyo ndivyo watu walivyomfahamu: mtu mbaya kidogo, ambaye baadaye, filamu ikikaribia mwisho, atageuka na kurudi kuwaokoa wenzake.

Mwaka 1997 Greedo anapiga kwanza. Kutoka upande mwingine wa meza ndogo, anamkosa. Kichwa cha Han kinasogezwa kwa kompyuta, vibaya. Kisha hapo Han anajibu.

Lucas alieleza baadaye kwamba Han ni mtu ambaye ataoa binti wa kifalme, Leia, na hakutaka watoto waone shujaa wao akiua mtu kwa damu baridi. Ni sababu ya mzazi, na si ya kudharau. Lakini mashabiki walijibu kwa akili: ikiwa Han ni mwema tangu mwanzo, kurudi kwake mwishoni kunabaki na uzito gani? Lucas alisema pia kwamba Greedo ndiye aliyepiga kwanza tangu zamani, na watu hawakuona vizuri. Hapo alikosa. Watu walikuwa wameona vizuri sana.

Tukio la pili liliumiza kwa namna nyingine. Mwaka 1976 ilipigwa picha ya Han akiongea na Jabba, tajiri anayemdai, aliyechezwa na mwanaume mnene aliyevaa ngozi ya manyoya. Ilitolewa. Mwaka 1997 ikarudishwa, na juu ya mwanaume yule likawekwa konokono kubwa la kompyuta. Kwa vile zamani Han alimzunguka mtu kwa nyuma, sasa ilibidi akanyage mkia wa konokono. Na maneno yao yalirudia yaleyale ambayo Greedo alikwisha kusema dakika chache nyuma. Hapo mtu yeyote aliyewahi kukata habari ya radio ya dakika 3 anaweza kuona kwamba uamuzi wa kwanza ndio ulikuwa mzuri.

Tena, uamuzi wa kwanza haukuwa wa Lucas peke yake. Kazi ya kukata na kuunganisha filamu ya 1977 ilifanywa na Paul Hirsch, Richard Chew na Marcia Lucas, mke wake wa wakati ule, na wote 3 walipata Oscar juu ya kazi hiyo. Vijana wa vyombo vya anga nao walipata Oscar yao. The Empire Strikes Back iliongozwa na Irvin Kershner, na Return of the Jedi na Richard Marquand, aliyefariki mwaka 1987. Marquand hakuwepo tena kuulizwa wimbo katika jumba la Jabba ulipoondolewa na kuwekwa mwingine wa kelele. Filamu ni kazi ya mikono mingi, na katika mabishano haya jina moja tu linatajwa kila mara. Ni kosa la pande zote mbili.

Mwaka 2004 zikatoka diski. Safari hii Han na Greedo walipiga karibu kwa pamoja. Boba Fett akapewa sauti nyingine. Na mwisho wa Return of the Jedi, pale roho ya Anakin Skywalker inapoonekana ikitabasamu pamoja na wazee wake, uso wa mchezaji Sebastian Shaw ulifutwa na ukawekwa uso wa kijana, Hayden Christensen, aliyecheza Anakin katika filamu mpya. Shaw alikuwa amefariki mwaka 1994. Katika tukio ambalo Anakin anakufa, uso wa mzee uliachwa, lakini nyusi zake zilitolewa kwa kompyuta, kwa sababu hadithi mpya ilikuwa inakwenda kusema kwamba Anakin aliungua.

Aliyesoma hotuba ya 1988 anaweza kurudi kuisoma hapa. Uso wa mchezaji umeondolewa, umewekwa wa kijana zaidi.

Mwandishi mmoja wa habari alipomuuliza mwaka huo kwa nini asiuze na filamu ya zamani pia, Lucas alijibu kwamba kwake ile ya zamani haipo tena. Watu walipenda filamu ambayo ilikuwa nusu tu, na anasikitika juu yao, lakini yeye anaitaka iwe vile anavyotaka. Mwaka 2006 aliwapa kitu: filamu 3 za zamani kama diski ya nyongeza, zikitolewa kwenye kopi ya video ya mwaka 1993, picha ndogo yenye ukungu. Kampuni yake ilieleza kwamba ukanda mama ulibadilishwa moja kwa moja. Mashabiki walilipa na kukasirika kwa wakati mmoja.

Mwaka 2011, Darth Vader, aliyekuwa akimtazama mwanaye akiteswa bila kusema neno mpaka anamnyanyua mfalme wake na kumtupa, aliwekewa kilio cha kukataa. Kimya kile ndicho kilifanya watu walie mwaka 1983. Mwaka 2019, Greedo akaongezewa neno moja lisiloeleweka mbele ya kufa. Hata hapo watu walicheka zaidi kuliko kukasirika.

Kubadilisha kwenyewe si ajabu. Ridley Scott alirudia Blade Runner yake ya 1982 mara nyingi, lakini mwaka 2007 aliiuza ndani ya boksi moja yenye namna zake 5, kila mtu achague. Steven Spielberg, rafiki wa Lucas, ambaye naye alisema mbele ya wabunge mwaka 1988, aliondoa bunduki za polisi katika E.T. mwaka 2002 na kuweka redio za mkononi. Lakini diski ya mwaka ule ilikuwa na zote mbili, na baadaye alisema wazi kwamba alikosa, filamu isiguswe kwa macho ya wakati mwingine. Hakuna anayebishana juu ya E.T. leo.

Bibi akibadilisha hadithi aliyoisimulia jana, watoto wanamkatisha: bibi, sivyo ulivyosema! Wanaweza kumkatisha kwa sababu ile ya jana wanayo kichwani, na bibi anacheka, anaendelea. Filamu ni kitu kingine. Ni ushahidi wa siku moja: nyuso zile, taa zile, mikono ya mafundi wale. Familia iliyokimbia na kuacha picha za arusi nyumbani inajua tofauti kati ya kukumbuka uso na kuweza kuuonyesha kwa mtoto.

Upande wa sheria, mambo hayasaidii sana. Warizi wa Huston walikwenda mahakamani Ufaransa juu ya filamu yake ya mwaka 1950, The Asphalt Jungle, iliyopakwa rangi, na tarehe 28 Mei 1991 mahakama ya juu ikawapa haki. Sheria ya Ufaransa inasema mtungaji haachi kuwa mlinzi wa kazi yake hata kama ameiuza. Kongo iko katika njia hiyohiyo: sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watungaji inamlinda mtungaji dhidi ya wanaoharibu kazi yake. Ufaransa ina hata haki ya kujuta, ambayo inaruhusu mtungaji kurudisha kazi aliyokwisha kuitoa, lakini kwa sharti la kwanza kumlipa aliyeinunua. Kote huko, anayefikiriwa ni mtungaji na mfanyabiashara. Mtoto wa miaka 8 aliyeona filamu mwaka 1977 na akaibeba moyoni hana mahali katika sheria yoyote.

Basi mashabiki walijifanyia wenyewe. Mwaka 2001, mkataji mmoja wa filamu wa California alikuwa amekwisha kuchukua The Phantom Menace, filamu ya 1999 ambayo Lucas aliiongoza mwenyewe, akapunguza karibu dakika 20, hasa maneno ya Jar Jar Binks, na kopi zikazunguka toka mkono hadi mkono. Hapo mambo yaligeuka: wale wanaolia kwamba filamu isiguswe walifurahi kuona filamu ya mwenzao imekatwa. Lucas angeweza kucheka. Na chuki juu ya Jar Jar haikubaki juu ya kiumbe wa kompyuta. Ilimfikia kijana Mweusi aliyemcheza, Ahmed Best, ambaye mwaka 2018 alieleza kwamba ilimfikisha karibu na kujiua. Mapenzi ya filamu si kibali cha kumtesa mtu.

Wengine walifanya kazi ya subira. Mtu mmoja wa Jamhuri ya Cheki alichukua miaka kuunganisha vipande vya video, diski na kanda za zamani mpaka akarudisha filamu 3 karibu na zilivyokuwa. Kundi lingine lilipata kopi za sinema za mwaka 1977 na kuzipitisha mashine picha moja moja, kusafisha doa moja moja. Sheria haiwaruhusu. Hawakuuza. Hotuba ya 1988 ni kama iliandikwa juu yao.

Na kopi zinavyozunguka, kila mtu ana Star Wars yake. Ndani ya chumba kimoja cha video, watu wawili wanaweza kubishana mpaka usiku juu ya nani alipiga kwanza na wote wakawa wakweli, kwa sababu mmoja aliona diski ya 2004 na mwenzake kaseti ya zamani ya kaka yake.

Lucas mwenyewe hakukosa kicheko. Mwaka 2007 alipigwa picha akiwa amevaa fulana yenye kuandikwa kwamba Han alipiga kwanza. Tarehe 30 Oktoba 2012 aliuza kampuni yake kwa Disney, kwa karibu dola bilioni 4. Lakini hakuhama katika msimamo. Mwezi wa Mei 2024, huko Cannes, akipewa tuzo ya heshima akiwa na miaka 80, alirudia kwamba mtengenezaji ana haki ya kuifanya filamu yake iwe vile anavyotaka.

Uingereza kulikuwa kumebaki kitu. Kiwanda cha Technicolor cha London, mwaka 1977, kilikuwa bado kinatia rangi filamu kwa mtindo wa zamani ambao Marekani ilikuwa imekwisha kuuacha. Rangi za mtindo huo hazifi. Kopi za Marekani ziligeuka waridi na miaka. Za London zilibaki. Moja ilihifadhiwa na taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ndani ya ghala lenye baridi chini ya sifuri.

Usiku wa tarehe 12 Juni 2025 walifungua tamasha lao mjini London kwa kopi hiyo. Watu walioingia waliijua filamu kwa kichwa. Maneno ya mwanzo yalipanda juu ya nyota bila namba ya sehemu. Mji wa jangwani ulikuwa na watu wachache, sawa vile siku ya kwanza. Ndani ya baa, ulisikika mlipuko mmoja tu.